Re: Gramu 10 za haidrojeni na 64 za oksijeni, kwanini maji ni 72 na sio 90?

Dada uliyeleta swali la mdogo wako wa kidato cha tatu, kwamba gramu 10 za haidrojeni zimeunguzwa kwenye gramu 64 za oksijeni, yeye kapata maji gramu 90 na kitabu kinasema 72, kitabu kiko sahihi. Dogo kuzidisha anajua vizuri tu, shida ni pale alipoanzia. Nafundisha kemia tuisheni na hili nalikuta karibu kila darasa jipya.

Kabla ya fomula yoyote mwambie ajumlishe vilivyoingia. 10 na 64 ni 74. Sasa hayo maji gramu 90 yametoka wapi? Kwenye kemia uzito hauzaliwi wala haupotei, mwanakemia Lavoisier kule Ufaransa alilionyesha hilo kwa mizani toka karne ya 18, na hako kajumla ka sekunde tano kanaokoa maksi nyingi sana kwenye mtihani.

Haya twende. Mlinganyo ni 2H2 + O2 → 2H2O, na zile namba za mbele zinahesabu moli (kipimo cha idadi ya chembe), sio gramu, hapo ndo wengi wanapotelea. Moli moja ya haidrojeni ni gramu 2, ya oksijeni 32, ya maji 18. Kwahiyo 10 gawa kwa 2 unapata moli 5 za haidrojeni, 64 gawa kwa 32 moli 2 za oksijeni. Kila moli ya oksijeni inakula mbili za haidrojeni, basi hizo 2 zitakula 4 alafu oksijeni imeisha, moli 1 ya haidrojeni (gramu 2) inabaki haina wa kuungana naye. Maji ni moli 4, mara 18 ni 72. Jumlisha na zile 2 zilizobaki, 74, imekubali.

Dogo aliona 10 ni ndogo kuliko 64 akaamini haidrojeni ndo itawahi kuisha, akazidisha moli 5 zote mara 18 akapata 90. Haidrojeni ni nyepesi mno, gramu 1 tu inataka gramu 8 za oksijeni, so 10 zingetaka 80 na yeye anazo 64. Usichague kwa kuangalia gramu, badilisha vyote viwili kuwa moli kwanza ndo ulinganishe.

Kama anaona ni mambo ya kwenye karatasi tu, mwambie abandike sufuria ya maji baridi kwenye jiko la gesi aangalie ubavuni na chini yake dakika ya kwanza, itatoka jasho, watu wengine hudhani sufuria inavuja kumbe ni maji yanayozaliwa kwenye moto wenyewe. Chukua butani, moja ya gesi zilizomo kwenye ile mitungi: gramu 58 zikiungua zote vizuri zinatoa maji gramu 90, yani mtungi wa kilo 6 ungekuwa butani tupu, mpaka uishe umeshatoa maji zaidi ya kilo 9, mengi yamepaa kama mvuke. Hapa atakuuliza mbona 90 imetoka kwenye 58? Swali zuri sana hilo. Hewani zimeingia gramu 208 za oksijeni ambazo hakuna aliyezinunua, na imetoka pia kabonidayoksaidi gramu 176. 58 na 208 ni 266, 90 na 176 ni 266.

Maswali ya asidi na besi ni njia ileile, ila awe makini na maji ya kwenye mchanganyiko, hayo yalikuwepo toka mwanzo. NaOH (besi) gramu 8 ni moli 0.2, ikikutana na HCl (asidi) ya kutosha maji mapya ni moli 0.2, gramu 3.6 basi.

Mpe na hili afanye mwenyewe: haidrojeni gramu 3, oksijeni gramu 16. Akikuletea 27 mrudishe kwenye kujumlisha vilivyoingia, akikuletea 18 na akakutajia na kilichobaki, mpeleke kwenye maswali ya ujazo wa gesi.