Wadogo zangu wa PCM, shikeni kalamu kabla ya video

Wiki iliyopita nilikaa sebuleni kwa mama mdogo, Morogoro, na vijana wanne wa kidato cha tano, wote PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Mmoja akanionyesha simu yake: video 63 za fizikia, kazipakua na kuzipanga kwa mada, vekta mpaka umeme. Za mekanika kazimaliza zote. Nikamwomba anichoree tofali likiwa kwenye ubao ulioinama, aonyeshe kani zote zinazoligusa. Akachora ubao, akachora tofali, kalamu ikasimama.

"Kaka, hii nimeielewa kabisa, ila nikiangalia tena kidogo nitakumbuka."

Sentensi hiyo naijua vizuri. Niliwahi kuisema kwa maneno hayo hayo, na iliniumiza. Ndiyo maana niko macho saa hizi nawaandikia.

1. Simamisha video kabla mwalimu hajaanza kukokotoa. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Likizo ya Desemba nikiwa kidato cha sita, nilikuwa nanunua bando la usiku na kuangalia video ndani ya chandarua mpaka alfajiri. Niliziendesha kwa kasi ya moja na nusu ili nimalize nyingi. Mwalimu wa kwenye video alikuwa mzuri kweli, mwandiko safi, sauti tulivu, kila mstari unaufuata mwingine bila kukwama. Nilikuwa natikisa kichwa kila hatua. Uzito, yaani mg, unagawanyika mara mbili: θ ikiwa pembe ya ubao na sakafu, mg sin θ unateremka na ubao, mg cos θ unaukandamiza ubao. Nimeelewa. Inayofuata. Likizo nzima sikutumia hata kurasa tano za daftari.

Mtihani wa majaribio wa mkoa ukaleta swali hilo. Tofali la kilo 5, koefishenti ya msuguano 0.2, g (mvutano wa dunia) ni 9.8, tafuta mchapuko, yaani kasi inaongezeka kwa kiasi gani kila sekunde. Nilifurahi nilipoliona. Ila mtunzi alikuwa ameandika kwamba ubao unafanya pembe ya nyuzi 60 na ukuta wa wima. Macho yangu yaliona 60 tu. Nikaandika 49 × sin 60, nikapata nyutoni 42.4. Msuguano nikapata 4.9. Mchapuko 7.5. Nikapigia mstari mara mbili, nikageuza ukurasa.

Pembe na sakafu ilikuwa nyuzi 30. Kani ya kuteremka ilikuwa 24.5, msuguano 8.5, mchapuko 3.2. Vipengele vitatu vilivyofuata vyote vilitegemea namba hiyo, vikaanguka pamoja nayo. Karatasi iliporudi nilikaa nayo chooni, maana bwenini kulikuwa na watu. Kilichoniuma kuliko alama ni kwamba nusu dakika tu ingetosha kuniokoa. Ningeulaza ubao kichwani mpaka ugusane na sakafu. Pembe na ukuta ingekuwa 90, na sin 90 ni moja, kwa hiyo fomula yangu ilikuwa inasema tofali lililotulia sakafuni linavutwa kwenda pembeni kwa uzito wake wote. Mtoto wa darasa la nne angejua hilo haliwezekani. Lakini kujiuliza hivyo ni kazi ya mkono, na mkono wangu ulikuwa haujawahi kuchora mchoro ule hata mara moja. Aliyeufanyia mazoezi ni mwalimu wa kwenye video.

Mwaka 2008 Derek Muller, yule wa chaneli ya sayansi ya YouTube, Veritasium, aliandika tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Sydney kuhusu jambo hili hili. Wanafunzi walioonyeshwa video iliyonyooka, isiyo na kosa lolote, walisema imeeleweka vizuri, na alama zao karibu hazikusogea. Waliopanda ni wale walioonyeshwa video inayoanza na mawazo potofu ya wanafunzi kisha inayavunja, na hao ndio waliosema imewachanganya.

Kwa hiyo andika kwanza unachoamini. Pale sebuleni niliwauliza wote wanne: mpira umerushwa juu, umefika kileleni, kani gani inauvuta? Wawili waliandika "hakuna". Uzito upo pale pale, unavuta chini, na mchapuko ni 9.8 hata pale kasi ilipo sifuri. Wangeangalia video bila kuandika, wangesikia jibu na kuamini walilijua tangu zamani. Wino ndio uliowaonyesha.

2. Jua video imetoka shule gani. Wengi mnaangalia walimu wa India, na wana nondo, siwakatazi. Lakini kwenye lenzi wao hutumia 1/v − 1/u = 1/f (u ni umbali wa kitu kutoka kwenye lenzi, v wa taswira, f wa fokasi), na umbali wa kitu wanauandika hasi. Vitabu tulivyozoea sisi vina 1/u + 1/v = 1/f, kitu halisi ni chanya. Binti mmoja kati ya wale wanne alichukua fomula ya kule na alama za huku. Lenzi mbinuko ya fokasi sentimita 10, kitu kipo 30, akapata taswira kwenye 7.5. Jibu ni 15. Nikamwambia achore miale miwili. Alipomaliza akaona mwenyewe kwamba miale haiwezi kukutana kabla ya fokasi, akafuta kwa hasira kidogo. Hasira hiyo niliipenda. Chagua mfumo mmoja, uandike juu ya ukurasa, usiuache mpaka swali liishe.

3. Kasi ya moja na nusu ni ya kurudia mada, siyo ya kuianza. Washa maandishi chini ya video kama lafudhi inakusumbua. Maigizo ya kompyuta ya PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yaani majaribio unayoyachezea kwenye skrini, ni ya bure na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Video ikizidi dakika 20, ikate vipande.

4. Praktiko haipakuliwi. Kwenye video pendulamu inabembea vizuri na nukta za grafu zote zinakaa kwenye mstari. Ukiingia maabara uzi unajisokota, jirani anakutikisia meza, na hujui kama umehesabu 19 au 20. Tafuta nati na uzi, funga juu ya fremu ya mlango, pima sentimita 25 kutoka kifundo mpaka katikati ya nati, siyo mpaka juu yake. Sukuma kidogo tu. Hesabu mibembeo 20, kwenda na kurudi ni mmoja, na unapoachia sema "sifuri", usiseme "moja". Utapata sekunde 20 hivi. Ukipata 19, umesema "moja". Tulifanya hivyo kwenye mlango wa jikoni, mama mdogo akawa anapita ameinamisha kichwa na sufuria ya wali, na yule kijana wa video 63 alirudia mara sita mpaka namba zake zikatulia. Hakugusa simu muda wote ule.

Jumamosi nakuja tena saa tatu asubuhi. Kila mmoja awe na maswali kumi ya ubao ulioinama, mchoro kwanza, na angalau mawili yawe na pembe iliyopimwa kutoka ukuta wa wima. Nataka nikute madaftari yamechafuka.