Ukimpa namba umempa jina

*Swali: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Rau hapa Moshi, nafanya kazi saluni moja karibu na stendi. Nilijiunga na mtandao wa kutafuta wachumba, ule wa bure, nikaweka jina la kubuni na picha niliyopigwa kwa mgongo. Nikampata kaka mmoja anasema yuko Arusha, tukachati siku tatu nikampa namba ya WhatsApp. Kesho yake asubuhi akaniandikia jina langu la ukweli na la ukoo, alafu akanitajia mpaka saluni. Hajanitukana wala nini ila tangu siku hiyo silali vizuri. Amejuaje wakati sijamwambia?*

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kwanza usijione mjinga, hili linawapata wengi na hakuna anayetuambia mapema.

Chukua simu yako sasa hivi, ingia kwenye menyu ya kutuma pesa, weka namba ya rafiki yako, weka shilingi elfu moja, alafu kabla hujathibitisha angalia hapo kwenye skrini. Umeona? Jina lake limetokea, lile alilosajilia laini. Laini zetu zinasajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, kwahiyo hilo ndio jina lako lenyewe kabisa. Huyo kaka naye alifanya hivyo hivyo kwa namba yako, akaliona jina akakansel, hajatumia hata shilingi, na wewe hujapata meseji yoyote ya kukushtua. Na huku kwetu ukoo nao unaongea, ukiwa Swai mtu anakuhesabu wa Machame kabla hajauliza kitu kingine.

Akishapata jina kazi imebaki ndogo, analiandika Facebook, anakukuta umepiga picha na wenzako umevaa aproni ya saluni na kibao kinasomeka nyuma yenu. Hata kama huna Facebook, ile picha ya WhatsApp inatosha ikiwa imeachwa wazi kwa kila mtu.

Wengi wanasema nitanunua laini ya pili ya kuchatia. Haisaidii mdogo wangu, maana laini ya pili nayo umeweka kidole chako, jina ni lile lile. Na usikubali laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, utajitafutia kesi. Bora ukae unachati huko huko ndani ya mtandao mliokutania mpaka umridhie, akikuharakisha "nipe namba, nipe namba" siku ya kwanza hiyo ni dalili mbaya tayari. Mkitaka kuhama, Telegram inakuruhusu kutumia jina la akaunti tu, ila ingia kwanza kwenye mipangilio ya faragha uweke namba yako isionekane na mtu yeyote. WhatsApp nako weka picha na muda wa kuonekana viwe kwa uliowasevu tu. Alafu picha unayoweka kule kwenye uchumba isiwe hata moja uliyowahi kuweka sehemu nyingine, kwasababu Google ukiipa picha inaweza kukutafutia kurasa ilipo.

Hiyo njia ya jina itumie na wewe. Kaka anasema anaitwa Brian, ukiweka namba linatokea jina la mama mtu mzima, uliza. Ila jina likifanana bado hujamjua tabia.

Sasa huyu wako: usimwandikie kwa hasira wala kumbembeleza, piga skrinshoti za hizo chati zote na namba yake ionekane, ndio umbloku. Mwambie bosi wako wa saluni leo, na mtu unayeishi naye, ili akitokea mtu anakuulizia wasimwelekeze. Akianza vitisho au ukimwona anazunguka pale, nenda polisi uulize dawati la jinsia na watoto, usisubiri akuguse.

*Swali: Dada, mimi ni baba wa miaka 34, niko Njiro Arusha. Nilichati na mdada mtandaoni akaniomba tupigiane video, nikavua nguo. Kumbe alikuwa anarekodi. Nimeshamtumia laki moja, sasa anataka laki tatu la sivyo anamtumia mke wangu na kwaya nzima. Nifanyeje?*

Kaka yangu, usitume hata mia. Umeona mwenyewe ile laki moja haikununua kimya, ilimwonyesha tu kwamba unalipa. Usifute chati, hifadhi skrinshoti, namba, jina lililotokea ulipotuma pesa, na meseji ya muamala, nenda navyo polisi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kumtisha mtu kwa meseji ni kosa humo ndani. Kama una nakala ya hiyo video kuna tovuti ya StopNCII.org, inatengeneza alama maalum ya video hapo hapo kwenye simu yako bila video yenyewe kutoka, mitandao kama Facebook na Instagram inaitumia hiyo alama kuizuia isipandishwe. Haifiki kwenye magrupu ya WhatsApp, sitaki nikudanganye.

Na mkeo mwambie wewe, leo usiku, watoto wakishalala. Najua ni ngumu, lakini akisikia kwako mnabaki na kitu cha kuongea, akisikia kwa yule mtu sijui kama mtabaki nacho.

*Swali: Dada, mama yangu mdogo yuko Usa River, anachati na mzungu anayesema atakuja kupanda Kilimanjaro. Kamtumia zawadi, sasa kuna mtu kampigia eti mzigo umekwama uwanja wa ndege wa KIA alipe 480,000 kwa simu. Ameenda kukopa kikoba.*

Kimbia umzuie kabla hajatuma. Hakuna mzungu na hakuna mzigo. Ushuru wa serikali unalipwa kwa kontroo namba, ile namba maalum ya malipo ya serikali, haulipwi kwenye namba ya mtu binafsi. Kama kuna meseji ya kudai hiyo hela, itume kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, ni bure, watakuuliza namba iliyotuma. Na ukifika kwake usianze kwa kumgombeza mbele ya watu, kaa naye jikoni mpike, muulize huyo mtu alikuwa anamwambia nini kila jioni.