Maswali yenu: vyombo vya kijani vya China ya kale

Ule ukijani wa seladoni, yaani vyombo hivi vya kijani, ni rangi iliyopakwa?

Hapana. Mfinyanzi huchanganya jivu la kuni, udongo laini na maji, akachovya chombo humo, kisha kazi inabaki kwa moto. Joto likifika nyuzi 1,200 hivi, chokaa iliyomo kwenye jivu huyeyusha mchanganyiko ule ukawa utando wa kioo. Ndani yake mna chuma kidogo sana. Tanuri likibanwa hewa, moto hukinyang'anya chuma hicho oksijeni na rangi hutoka kijani. Hewa ikipenya, hutoka manjano au hudhurungi. Ndiyo maana vyombo vya mwanzo vina kijani cha zeituni kisicholingana: upande mmoja kimekoza, mwingine umegeuka manjano, na chini utaona michirizi pale utando ulipotiririka ukaganda. Wengi huviona vibovu. Mimi navipenda kuliko vile laini vya Longquan, mahali pengine pa ufinyanzi huko China, vya karne nyingi baadaye, maana hapa njia ya moto inaonekana wazi.

Vilianza lini?

Vya awali ni vya nasaba ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Ufundi ulikomaa wakati wa Han ya Mashariki (25–220), hasa Shangyu, jimbo la Zhejiang, katika matanuri marefu yaliyojengwa kupanda mteremko.

Birika lenye kichwa cha jogoo: maji hutokea mdomoni?

Inategemea umri wake. Katika mengi ya mwanzo kichwa ni pambo tu, hakina tundu. Baadaye, zama za Jin ya Mashariki (317–420), mafundi walikitoboa kikawa mdomo wa kumiminia, na mkono wa kushikia ukawekwa upande wa pili.

Na mtungi wenye nyumba na ndege juu yake?

Huo ni hunping, wa karne ya 3, na ulizikwa na maiti. Tumbo lake ni la mtungi wa kawaida, lakini mabegani pamejaa ndege waliobanana, watu, wanyama na jumba la ghorofa lenye paa, vyote vikiwa vimefinyangwa kimojakimoja na kubandikwa. Wataalamu wengi huuona kama makao ya roho ya marehemu. Ukipata picha yake, ikuze uwatazame wale ndege. Hakuna kazi ya udongo ya zama hizo inayonigusa kama hii.

Vilifika pwani yetu?

Hivyo vya kale sivyo vilivyotufikia, bali warithi wao. Vigae vya Yue, aina ya seladoni kutoka Zhejiang hiyohiyo, vya karne ya 9 na 10, vimechimbuliwa Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu. Utavitambua pale vilipovunjika: udongo wa kijivu, uliobana, usionyonya maji kama chungu chetu. Ukikikuta kigae kama hicho ufukweni, kiache palepale, upige picha na kuwaarifu watu wa makumbusho, kwa sababu tabaka kilimolala ndilo linalowasaidia kujua kilifika lini.