Jibu: Je, hii ni mudharaba?

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama kumpa kijana laki mbili auze viungo pale Marikiti, naye akulipe elfu kumi kila mwezi, ni mudharaba, yaani ushirika ambao mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi. La, sivyo. Imamu Malik, mwanachuoni wa sheria za Kiislamu aliyefariki Madina mwaka 795, alikataza mwenye mali kujitengea hata dirhamu moja ya faida peke yake. Mnagawana kwa sehemu, mathalani nusu kwa nusu. Iliki ikishuka bei bila uzembe wake, hasara inakula mtaji wako, naye kapoteza jasho lake. (Hapa ndipo wengi wetu tunapokimbia, na ndipo haki ilipo.) Akaunti za uwekezaji za benki za Kiislamu nazo husimama juu ya msingi huo. Kwa hivyo kaeni upya, mwandikiane sehemu zenu.