Tuliuza Kiungo Wetu kwa Jezi Seti Mbili

Kila dirisha la uhamisho wa wachezaji likikaribia, simu yangu huanza kulia. Leo ni katibu wa timu ya Dandora, kesho mwenyekiti wa timu ya Huruma. "Mzee, kuna klabu ya ligi kuu inamtaka straika wetu. Tuitishe ngapi?" Nami huuliza: ana kandarasi? Simu hunyamaza kidogo, kisha nasikia, "Huyu ni mtoto wetu, tumemlea wenyewe." Basi hakuna cha kuitisha. Sisemi hivyo kwa kiburi. Kiti hicho nimekikalia.

Mchana nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road. Jioni, kwa miaka 11 sasa, ni mwekahazina wa klabu ndogo ya soka ya Eastlands, Nairobi, inayofanyia mazoezi uwanja wa Camp Toyoyo ikipata nafasi, na kwenye vumbi lolote ikikosa. Dukani sitoi hata plagi moja bila risiti. Kwenye klabu nilikubali kumtoa kiungo mkabaji bora niliyewahi kumwona mtaani, na karatasi pekee iliyokuwepo ilikuwa ile ya kumwachilia.

Nitamwita Sita, kwa sababu ya jezi yake. Alikuja kwetu akiwa na miaka 15. Klabu moja kubwa ilimwona kwenye mashindano ya Koth Biro, pale Ziwani, mwezi wa Disemba, na Januari wakatuma watu wawili. Tulikutana kwenye hoteli karibu na raundabauti ya Kariobangi. Mwenyekiti wetu alikuwa amevaa suti. Mkubwa wao alimsikiliza kwa adabu, akala mandazi mawili, kisha akauliza swali moja tu: "Kandarasi yake inaisha lini?"

Mwenyekiti akasema mwisho wa msimu ujao. Yule bwana akaomba kuiona. Chai yangu ilikuwa imeota utando wa maziwa, nikawa nauangalia huo utando huku mwenyekiti akipekua faili ambayo mimi nilijua ndani mna ratiba ya ligi na picha za pasipoti. Hakuna aliyemwita mwongo. Walitabasamu tu, wakataja bei yao: shilingi 120,000, nusu sasa na nusu baadaye, jezi seti mbili na mipira kumi. Tukatia sahihi barua ya kumwachilia hapo hapo mezani.

Shilingi 60,000 ziliingia kwa M-Pesa ya mwenyekiti. Zile nyingine 60,000 hatujaziona hadi leo. Jezi zilikuja kweli. Seti moja ilikuwa ya timu yao ya vijana, nembo imefunikwa kwa kitambaa kilichoshonwa juu, na kilipofuliwa mara tatu nembo ikachungulia. Huko mtaani nako habari zikaenea kwamba mwenyekiti alipokea laki tano akala. Hakula. Lakini ungemtetea vipi, wakati pesa ilipita kwenye simu yake na hakuna hata daftari iliyoandikwa?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu mezani. Bei ya mchezaji hupangwa mwaka mmoja au miwili kabla ya mnunuzi kubisha hodi. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji asiye na mkataba wa maandishi, au asiyelipwa zaidi ya gharama zake za kucheza, ni wa ridhaa. Hana mkataba wa kuvunjwa, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuununua. Unachoshikilia ni usajili wake tu, na mnunuzi mwenye subira atangoja msimu uishe.

Mpe kandarasi, hata kama mshahara ni shilingi 8,000 kwa mwezi. Aliye chini ya miaka 18 mkataba wake usizidi miaka 3, na mzazi atie sahihi. Mtu mzima unaweza kwenda hadi miaka 5. Sasa hapa ndipo wenzangu wengi huharibu: wanaandika 30,000 ili mkataba upendeze, halafu hawalipi. Mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuwapa notisi ya maandishi ya siku 15, na msipolipa anavunja mkataba akiwa na sababu ya haki. Anaondoka bure na bado anawadai. Klabu zetu kubwa zimewahi kufungiwa kusajili kwa madeni ya namna hii, sembuse sisi. Andika kile unachoweza kulipa kila mwezi mvua inyeshe isinyeshe.

Na usingoje mkataba uzeeke. Ukibaki miezi 6, kijana ana ruhusa ya kukubaliana na klabu nyingine ahamie bure muda wake ukiisha. Mwaka mmoja kabla, kaa naye muongeze muda.

Turudi kwa Sita, maana uchungu wenyewe ulikuja baadaye. Klabu ile ilimuuza nje ya nchi kwa dola 80,000. Hatukuwa tumeandika kwamba akiuzwa tena tupate asilimia yoyote, kwa hiyo kwa upande huo tulibaki kupiga makofi. Lakini kuna pesa ambazo si za kuombwa. Mchezaji akihamishwa kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja, na kila mwaka wa 16 hadi 23 una nusu ya asilimia moja. Inaonekana kama chenji ya matatu. Lakini Victor Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, ada iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Katika mauzo ya kiasi hicho, mwaka mmoja tu wa kijana wa miaka 16 ni pauni 62,500. Kuna viwanja vingapi vya mtaani vingewekwa nyasi kwa hizo?

Sita alikaa kwetu akiwa na miaka 15, 16, 17 na 18. Hiyo ni asilimia 1.75, yaani dola 1,400, zaidi ya shilingi 180,000. Hebu linganisha: haki ambayo hatukuijua ilikuwa kubwa kuliko bei nzima tuliyomuuzia. Tatizo ni kwamba msimu wa kwanza tulimsajili kwa jina la mtaani na mwaka wa kuzaliwa tuliokisia, na wa pili hatukumsajili kabisa, alicheza kwa kadi ya mwenzake. Ndiyo, nimeandika hivyo, na aliyewahi kuendesha timu ya mtaani asijifanye ameshtuka. Ile misimu miwili ikapotea kwenye rekodi. Mali bila daftari huisha bila habari. Tulipata dola 800 za misimu miwili ya mwisho, baada ya miezi mingi, kupitia FIFA Clearing House, taasisi ya Paris iliyoanza kazi Novemba 2022 kugawa pesa hizi. Na huko hakuna cha M-Pesa ya mwenyekiti. Walitaka akaunti ya benki yenye jina la klabu.

Kwa hiyo kijana akijiunga nanyi, hata akiwa na miaka 12, chukua nakala ya cheti cha kuzaliwa, mmsajili kwa shirikisho la soka la Kenya, FKF, kila msimu kwa majina yale yale matatu, herufi kwa herufi. Baadaye atachukua kipande, yaani kitambulisho, na pasipoti kwa majina hayo hayo. Mimi sasa nina sanduku la bati dukani, chini ya rafu ya breki. Watoto wetu wote wamo.

Miaka mitatu baadaye ikaja zamu ya winga wetu wa kushoto. Safari hii alikuwa na kandarasi, imebakiza miezi 14. Mnunuzi alikuwa mwingine, na alipiga simu siku tatu kabla ya dirisha kufungwa. Zamani ningetetemeka. Lakini mnunuzi anayekuja dakika za mwisho ndiye mwenye haraka, ilmradi mkataba wako una muda. Tulijua kwamba winga wao alikuwa ameuzwa Tanzania wiki ile ile. Pesa ipo na pengo lipo. Hii si ajabu: Kagere alitoka Gor Mahia ya hapa Kenya kwenda Simba ya Tanzania mwaka 2018, Kahata akafuata 2019, Joash Onyango 2020. Hata Gor, mbele ya Simba, huketi kwenye kile kiti chetu cha Kariobangi. (Wana-K'Ogalo, mashabiki wa Gor, msinitukane, mimi pia huingia Nyayo na kilemba cha kijani.)

Tulikubaliana mdomo utakaosema ni mmoja, wangu, na kwamba hatuzungumzi hadi ofa ije kwa barua. Ilikuja: 250,000. Hatukujibu kwa hasira wala kwa hesabu ya mapenzi, eti amefunga mabao mangapi. Tulihesabu gharama ya kuziba pengo: winga wawili wa daraja la chini, usajili wao, nauli zao hadi mwisho wa msimu. Hiyo ndiyo sakafu yetu, na sakafu hiyo tuliijua watu watatu tu.

Klabu nyingi hapa hazina pesa taslimu, na hilo si baya kwa muuzaji mwenye akili. Mtu asiye na pesa leo huwa mkarimu sana na pesa za kesho. Tukashuka kidogo kwenye taslimu, tukapanda kwenye asilimia ya mauzo yajayo. Tulifunga kwa 400,000, asilimia 20 akiuzwa tena, na 50,000 za ziada akifikisha mechi 15 za ligi. Kuwa makini na neno moja: asilimia 20 ya nini? Wakimuuza kwa milioni 3, asilimia 20 ya ada yote ni 600,000. Asilimia 20 ya faida, baada ya kutoa zile 400,000 walizotulipa, ni 520,000. Wakili wao alikuwa ameandika "faida" na akaisoma haraka haraka. Andikeni pia kwamba ada ya kumtoa kwa mkopo inahesabiwa. Na mjue kwamba mkataba wake ukiisha akaondoka bure, asilimia yenu ni ya sifuri.

Barua ya kuachilia nilikaa nayo mfukoni hadi ujumbe wa benki ulipoingia.

Wengine watakaokuja mezani bila kualikwa ni wengi. Kwetu alitokea jamaa mwenye duka la simu, aliyekuwa amemnunulia winga njumu tangu akiwa shule ya upili. Alikuja na kijikaratasi kilichosema yeye anamiliki asilimia 30 ya kijana. Nilimwambia, "Kaka, tunakushukuru kwa njumu, na tutakurudishia pesa zako zote za njumu." FIFA ilipiga marufuku mtu wa nje kumiliki sehemu ya ada ya mchezaji tangu Mei 2015. Alinuna, lakini pesa za njumu alipokea. Ajenti naye muulize mambo mawili kabla hajaketi: leseni yake ya FIFA, na anamwakilisha nani. Akijibu "ninawasaidia wote", mwagizie chai, mlipie, kisha umuage.

Aliyestahili kuwa wa kwanza, tulimkumbuka mwisho. Winga alisikia habari za kuuzwa kwake kutoka kwa wenzake, akakosa mazoezi siku mbili. Klabu mbili zinaweza kukubaliana mpaka kesho. Asipokubali yeye, hakuna mauzo. Nilikwenda kwao Umoja jioni. Mama yake alinikaribisha, akazima televisheni, akanisikiliza hadi mwisho nikitaja malaki na asilimia. Kisha akasema, "Baba, hayo nimesikia. Na akivunjika mguu huko, hospitali analipa nani?"

Tulikuwa wazee watano na wakili mmoja, na hakuna aliyekuwa ameuliza. Nilitoka nje nikampigia katibu wao nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Bima ya matibabu ikaingia kwenye kandarasi ya kijana asubuhi yake, na ndipo yeye akatia sahihi. Tangu hapo huanzia kwa mama, ndipo nifike kwa mwenyekiti.

Usidhani basi tumekuwa mabingwa. Kile kipengele cha mechi 15 nilikiandika mwenyewe, na sikusema "kucheza" ni nini. Kijana huingia dakika ya 85, mara nyingine ya 90. Sisi tunahesabu mechi 11. Wao wanasema ni 6, zile alizoanza. Nimewaandikia barua mbili, na kila Jumapili naangalia orodha ya kikosi kabla ya kuangalia matokeo.