Matairi ya nyuma yanayolika upande wa ndani: kagua bushi kwanza, kisha rekebisha tou

Ndugu, umeeleza kwamba matairi yako ya nyuma yanakuwa vipara upande wa ndani ilhali kashata (vinundu vya raba vya uso wa tairi) za upande wa nje bado zimesimama, na kwamba umekwisha kupiga alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu, mara mbili bila mafanikio. Tatizo hilohilo lilinimalizia jozi mbili za matairi kabla sijalielewa, kwa sababu mara zote nilizolipia alaimenti fundi alirekebisha magurudumu ya mbele peke yake, nami sikuomba kuona vipimo vya nyuma.

Nilipoviona hatimaye, kemba, yaani mlalo wa gurudumu linapotazamwa kutoka nyuma, haikuwa mbaya. Kilichoharibika ni tou, yaani mwelekeo wa gurudumu linapotazamwa kutoka juu: gurudumu la kushoto lilikuwa limefunguka kuelekea nje kwa mbele. Tairi lenye kipenyo cha milimita 600 ambalo ukingo wake wa mbele umeenda nje milimita 1.5 kuliko wa nyuma huburuzwa kiubavu takribani mita 2.5 katika kila kilomita moja, na msuguano huo huitafuna raba upesi kuliko kemba iliyozidi kidogo. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka ndani kwenda nje, kisha urudishe. Ukihisi ulaini ukienda na makali kama ya msumeno ukirudi, tou ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Hata hivyo, usiguse bolti yoyote kabla ya kukagua kwa mtaimbo bushi (vipande vya mpira vya kwenye viungio) za mikono ya nyuma, yaani vyuma vinavyoshikilia gurudumu kwenye gari. Bushi iliyochoka huliacha gurudumu libadili mwelekeo kila unapofunga breki, ilhali gari likiwa limesimama kwenye mashine vipimo vinaonekana vizuri kabisa. Yangu ilikuwa imepasuka mpira, na kurekebisha juu yake kungekuwa kazi bure.

Katika magari mengi ambayo kila gurudumu la nyuma lina mikono yake, marekebisho hufanywa kwa bolti yenye washa ambayo tundu lake haliko katikati. Weka alama ya rangi mahali ilipo kabla ya kuilegeza. Anza na kemba, ikiwa gari lako linaruhusu, kwa kuwa ukiigusa kemba unaibadilisha tou pia. Magurudumu ya nyuma hukamilishwa kabla ya yale ya mbele, maana ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Tou ya kushoto na ya kulia ikitofautiana, usukani utakaa upande ingawa gari linakwenda moja kwa moja. Kaza bolti za bushi kwa mara ya mwisho uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu, wala si likiwa limening'inia kwenye jeki, kwa sababu mpira wa bushi ukikazwa katika hali hiyo utabaki umejipinda na kupasuka mapema.

Jiandae pia kwa kutu. Bolti yangu ilikuwa imeshikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, na baada ya kuilowesha kwa mafuta usiku kucha ilibidi ikatwe, nikanunua bolti na bushi mpya kwa pamoja.

Ikiwa gari lako lina boriti moja inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma, kwa kawaida hutakuta bolti ya kurekebishia. Hapo hukaguliwa kama boriti au habu (kitovu kinachofungwa gurudumu) imepinda, na kwa baadhi ya magari huwekwa vipande vyembamba vya chuma vyenye mteremko kati ya habu na boriti.

Baada ya kazi, pima kina cha kashata ndani, katikati na nje, uandike, kisha urudie kila kilomita 1,000. Kwangu, baada ya kilomita 8,000 kwa matairi mapya, tofauti ya ndani na nje haikufika nusu milimita.