Jibu: Chemin de la Liberté mwezi Mei, peke yangu, inawezekana?

Salama ndugu. Umeuliza kama unaweza kutembea Chemin de la Liberté (Njia ya Uhuru), kuvuka milima ya Pyrenees kutoka Saint-Girons, Ufaransa, hadi Hispania, mwezi Mei, peke yako, na raba za kukimbilia.

Kabla ya tiketi, angalia theluji. Njia hii ya waliokimbia Wanazi inapita Col de Claouère (col ni kipito cha mlimani), mita kama 2,500, na huko theluji huweza kubaki hadi Julai. Ndiyo maana matembezi ya kumbukumbu, siku nne, hufanyika Julai. Mimi ningengoja hayo, maana wanakwenda na viongozi.

Raba ziache. Sehemu iliyonitoa jasho ni kabla ya Col de Pécouch, kwenye mabaki ya Halifax, ndege ya kijeshi ya Uingereza iliyoanguka 1945: mteremko wa mawe yanayocheza chini ya mguu. Buti za kushika kifundo, na fimbo mbili. Kitanda cha Estagnous, kibanda cha kulala wapanda milima, weka oda mapema.

Pia beba pasi na kibali cha ukaazi. Juu hakuna kituo cha mpaka, lakini chini Hispania polisi anaweza kukuuliza.

Kutoka Toulouse panda treni hadi Boussens, kisha basi hadi Saint-Girons.